Tuligombania mto kabla ya kuupima

Agosti 2022, kwa siku ya tatu mfululizo, pampu yetu ilivuta tope badala ya maji. Vitunguu vilikuwa na wiki saba tangu kupandikizwa, ndiyo kwanza vinaanza kutunga, na mkulima yeyote wa bustani anajua kwamba kitunguu ukikinyima maji wakati huo, hata ukikimwagilia baadaye hakijai tena vizuri. Nilisimama na mpira wa pampu mkononi huku petroli niliyoinunua kwa pesa ya mkopo ikiungua bure.

Kikundi chetu kina watu 34, wanawake tukiwa 21, na mimi ndiye katibu. Tunalima upande wa Kasulu, mahali ambapo Malagarasi wenyewe ndio mpaka: huku Tanzania, ng'ambo Burundi. Jina la kijiji naliacha, kwa sababu mengine nitakayoyasema yanawagusa majirani ambao mpaka leo tunagawana nao maji. Wanaoujua Malagarasi kwa kuupita pale Daraja la Kikwete, kule ulikotanuka, watashangaa. Huku kwetu juu bado ni mto mdogo. Kiangazi unauvuka kwa miguu, maji yakikufika magotini.

Msimu ule tulikopa shilingi 1,800,000 kutoka kikundi cha kuweka na kukopa: mbegu, mbolea, pampu ya inchi mbili, petroli. Tulichookoa shambani tuliuza shilingi 640,000. Deni lililobaki lilitusumbua hadi Machi 2024, na wawili kati yetu waliuza mbuzi ili kulipa sehemu yao. Nataja pesa mapema kwa sababu watu wakizungumzia ugomvi wa maji huzungumza kana kwamba ni maneno matupu. Kwetu ulikuwa ni mbuzi na ada za watoto.

Kosa letu kubwa tulilifanya siku ya nne. Kila mtu kijijini alikuwa na jibu: ni wale wa ng'ambo. Kulikuwa na habari kwamba wamechimba mfereji, wengine wakasema wamefunga mto kabisa kwa mifuko ya mchanga. Hakuna aliyekuwa ameona. Asubuhi ile tukavuka watu kumi na mmoja, bila karatasi yoyote, bila kumwambia mtendaji wa kijiji wala mwenyekiti, tukiwa na majembe mikononi kwa sababu tulikuwa tunatoka shamba. Hebu fikiria unavyoonekana kwa mlinzi wa mpaka: kundi la watu wenye majembe na hasira wakitokea kwenye matete.

Walitukalisha chini juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Simu zilichukuliwa. Miongoni mwetu alikuwemo mama mmoja wa miaka sitini na kitu, mwenye presha, na kilichoniuma siku nzima ni kwamba mimi ndiye niliyemwambia, "Mama twende, tukiwa wengi watatusikiliza." Alitapika mara mbili. Hadi leo nikimwona kanisani nasogea kumsaidia kukaa, na yeye hajawahi kunilaumu hata kwa neno moja.

Aliyetuokoa ni mzee wa ng'ambo. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa upande ule, na mzee yule alimjua. Kiha na Kirundi ni lugha za jirani mno, hatukuhitaji mkalimani. Alizungumza na walinzi, kisha akatugeukia na kuuliza swali ambalo hatukulitarajia: "Kwani si nyinyi mnaotumalizia maji usiku?" Akatupeleka tuone. Hakukuwa na mfereji mpya wala mifuko ya mchanga. Kulikuwa na kabichi zao zimenyauka kama vitunguu vyetu, na pampu zao zimekaa juu ya tope. Wao walikuwa wamekaa wiki nzima wakisema ni Watanzania.

Kwa hiyo wewe uliye mpakani, Kasulu, Buhigwe, Kibondo au Kakonko, usivuke kwenda kudai maji. Hata kama una haki, ukishavuka bila utaratibu haki hiyo umeitupa mtoni. Peleka shida kwa mtendaji, apeleke kata, kata ifikishe wilayani. Ni njia ndefu na inachosha, lakini mwisho wake unarudi nyumbani ukiwa na simu yako.

Tuliporudi tukaandika barua. Hapo tena tulikosea, mara mbili. Kwanza tuliipeleka ofisi isiyohusika, na hakuna aliyetuambia. Ilikaa kwenye faili miezi mitano huku nikipiga simu kila Jumatatu nikijibiwa "inashughulikiwa". Nilikuwa sijui kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, maji ya mito yetu yanasimamiwa kwa mabonde. Tanzania ina mabonde tisa, na sisi tuko Bonde la Ziwa Tanganyika, ambalo bodi yake ya maji ina makao Kigoma mjini. Shida ya maji ya mtoni ni ya kwao. Ningejua hivyo tangu mwanzo ningeokoa miezi mitano.

Kosa la pili lilikuwa ndani ya barua yenyewe. Tuliandika kurasa tatu za malalamiko. Hatimaye nilipofika Kigoma, Februari 2023, ofisa wa bonde aliisoma yote kwa utulivu, akauliza: "Mmesema maji yamepungua. Yamepungua kutoka wapi mpaka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilijua tu kwamba zamani mto ulinifika kiunoni. Akaniuliza ni pampu ngapi upande wetu. Sikujua. Ngapi ng'ambo? Sikujua. Zinawashwa saa ngapi? Nikanyamaza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi ni katibu, daftari la michango nalitunza hadi shilingi mia, ila la mto hatukuwahi kuwa nalo.

Yaliyofuata ndiyo sehemu ninayotaka isomwe kwa makini kuliko zote, kwa sababu haihitaji pesa nyingi. Tulikata ubao wa mninga wa mita mbili, fundi seremala akauchora sentimita kwa sentimita, tukaukita mahali mto ulipotulia, penye mwamba pembeni ili usihame. Mwalimu wa shule ya msingi alitusaidia kuusimamisha wima kwa timazi. Kila siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, mtu mmoja husoma namba na kuiandika pamoja na jina lake. Tulianza tarehe 1 Aprili 2023, mvua zikiwa bado zipo, na huo ndio wakati wa kuanza. Ukisubiri kiangazi utapima njaa tu, hutajua shibe ilikuwaje.

Mwezi wa saba daftari likaanza kuzungumza. Asubuhi mto ulikuwa juu, jioni umeshuka sentimita saba, nane, wakati mwingine kumi, kesho asubuhi umepanda tena karibu na pale pale. Mto unaokauka kwa jua peke yake haushuki na kupanda namna hiyo. Kuna kitu kilikuwa kinaunywa mchana na kuuacha usiku.

Ofisa alipokuja kututembelea alitufundisha kupima maji yanayopita kwa kijiti kinachoelea. Unapima mita 10 kando ya mto ulionyooka, unatupa kijiti katikati, unahesabu sekunde. Chetu kilitumia sekunde 40, yaani robo mita kwa sekunde. Upana ulikuwa mita 6, kina cha wastani sentimita 30. Kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, unachukua sehemu nane za kumi za ile kasi. Tukapata kama lita 360 kwa sekunde, ambazo ni lita 21,600 kwa dakika. Halafu tukahesabu pampu. Upande wetu 11. Ng'ambo, kwa kutazama tu kutoka ukingoni kwetu, 8. Kibandiko cha pampu hizi kinasema lita 500 kwa dakika zikiwa na nguvu kamili. Zote 19 zikiwaka pamoja ni lita 9,500. Karibu nusu ya mto! Na ziliwaka pamoja, kwa sababu sote, huku na ng'ambo, tulipenda kumwagilia asubuhi jua halijapanda na jioni likishapungua.

Nililia siku ile, nasema ukweli. Vile vitunguu vya 2022 havikuuawa na Mrundi wala na Mungu. Maji ya kututosha sote yalikuwepo kama tungepishana saa.

Lakini kupima kuna gharama yake: ukishaanza, kipimo hakichagui upande. Ofisa alipotoa utepe wake akapima pia umbali wa matuta yetu kutoka ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu ukingo ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Karibu nusu ya bustani yetu ilikuwa ndani ya mita hizo. Mimi mwenyewe nilikuwa na matuta mita 9 tu kutoka majini, kwenye ardhi nyeusi ambayo marehemu mume wangu aliifyeka matete mwaka 2014 na ambayo nilijivunia kuliko shamba lolote. Kuiacha ilikuwa kama kumzika tena. Wanachama watatu walijitoa siku hiyo hiyo, na mmoja alinitupia maneno mbele ya watoto wangu kwamba nimemleta mtu wa serikali kuja kutunyang'anya chakula.

Sikuwa na la kumjibu wakati ule. Mwaka uliofuata ndipo nilipolipata, na nililipata Ujiji.

Ilikuwa Aprili 2024. Nilikuwa nimekwenda Kigoma kufuatilia usajili wa jumuiya yetu ya watumia maji, nikapitia kwa binamu yangu Ujiji. Nyumba yake niliyoijua haikuwepo. Mvua za msimu ule zilikuwa kubwa na Ziwa Tanganyika lilikuwa limepanda mno. Kigoma, Bujumbura, Uvira, kote watu wa pwani walikimbia maji. Binamu alikuwa amepanga chumba kimoja juu kidogo, na mbele yetu tuliona kuta za majirani zimesimama majini. Alikuwa na wasiwasi wa pili: serikali ilikuwa imetangaza kufunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, na yeye anaishi kwa dagaa na migebuka.

Kesho yake nikamfuata hadi Ilagala alikokwenda kutafuta mawese. Ndiko Malagarasi unakoingia ziwani. Nilisimama pale nikautazama mto wangu, ule ninaouvuka kwa miguu, sasa mpana na mwekundu kama chai ya maziwa iliyokolea, ukiingia kwenye ziwa la buluu na kulichafua mbali kadiri jicho langu lilivyofika. Maji yale yanatoka kwetu kwenda kaskazini mashariki kana kwamba yanalikimbia ziwa, yanazunguka na kupita kwenye ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa, mwaka 2000, katika orodha ya Ramsar, yaani ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, yanakutana na maji ya Ugalla kutoka Tabora, yanapita Uvinza penye chumvi, ndipo yanarudi magharibi. Na ziwa lenyewe lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga kule Kalemie, Kongo. Udongo ukishaingia ziwani hauna pa kwenda. Unalala kwenye miamba ya pwani, kule samaki wengi wanakotagia.

Binamu aliniuliza bila ubaya wowote, "Dada, huo udongo mnauachia huko juu kwa nini?" Nikayakumbuka matuta yangu ya mita 9.

Mwezi Mei tulipanda matete na mianzi kwenye ukanda wote wa mita 60, na yule aliyenitupia maneno alikuja siku ya tatu na mche wake mkononi. Hatukuzungumza. Alipanda akaondoka, wiki iliyofuata akarudi na mkewe.

Usajili ulitugharimu safari nne za Kigoma. Nauli, malazi na chakula vilikuwa kama shilingi 60,000 kila safari, na safari mbili kati ya hizo hazikuwa na ulazima: mara ya kwanza muhtasari wa mkutano haukuwa na muhuri wa kijiji, mara ya pili orodha ya wanachama haikuwa na saini. Kabla hujapanda gari, hakikisha una katiba ya jumuiya, muhtasari uliosainiwa na kupigwa muhuri, orodha ya wanachama yenye saini, na nakala mbili za kila kitu. Pia elewa unachoomba. Kuchota kwa ndoo maji ya nyumbani hakuhitaji kibali. Kuvuta kwa pampu, kuchepusha au kuziba mto kunahitaji, na kibali kinataja kiasi cha maji, kazi yake na muda wake, na kina ada ya kila mwaka. Sisi tulipoomba tuliandika kiasi kilichotoka kwenye daftari letu, si cha kubuni, na hakuna aliyetubishia.

Sasa ng'ambo. Hapa wengi hudhani kijiji kinaweza kuandikishana mkataba na kijiji cha nchi nyingine. Hakiwezi. Mambo ya maji ya bonde hili kati ya nchi na nchi yana mahali pake: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika mwezi Juni 2003, Dar es Salaam, na mamlaka ya kuusimamia iko Bujumbura. Mkataba ule haukuishia kwenye ziwa, unagusa bonde zima, yaani hata mto wetu, na unataka nchi inayopanga jambo linaloweza kuwadhuru wenzake iwaarifu kwanza. Nilifarijika sana kujua kwamba kile mzee wa ng'ambo alichotaka kwetu, tuambiane kabla, wakubwa walishakiandika miaka ishirini iliyopita.

Kinachoweza kufanywa na kijiji ni kusukuma suala lake liingie kwenye vikao vya ujirani mwema, ambamo viongozi wa pande mbili za mpaka hukutana kuzungumzia usalama, mifugo na biashara. Tuliomba kupitia kata. Tulikataliwa mara moja, tukaomba tena, tukiambatanisha nakala ya kurasa za daftari. Juni 2024 suala la maji likawekwa mwishoni kabisa, baada ya wizi wa ng'ombe, na tukaruhusiwa wajumbe watatu.

Mzee yule alikuwepo. Nilimwamkia, kisha nikafanya jambo ambalo nilikuwa nimelipanga usiku kucha: kabla ya kusoma namba zozote niliomba radhi kwa ile siku ya majembe. Alinishika mkono akasema bibi yangu naye alikuwa mwepesi wa hasira. Baada ya hapo namba zilisomwa kama za wote. Wao walisahihisha: pampu zao zilikuwa 12, siyo 8, nne zilikuwa nyuma ya kilima tusikoona. Ina maana mto ulikuwa unanyonywa zaidi ya nusu.

Tulichokubaliana kiliingia kwenye muhtasari wa kikao, na kila upande ukakirudisha kwa viongozi wake. Sisi tunawasha Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wao Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumapili mto unapumzika. Na kuna jiwe moja jeupe karibu na ubao: likitokeza juu ya maji, pampu zote za pande zote zinazimwa, yanabaki ya kunywa, ya mifugo na ya mto wenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililobishaniwa zaidi, na nililisimamia kwa nguvu zote, kwa sababu hata sheria yetu inaweka maji ya nyumbani kwanza na ya mazingira pili, kabla ya shamba la mtu.

Jiwe lilitokeza tarehe 19 Agosti. Usiku wa tarehe 21 pampu ilisikika upande wetu. Ilikuwa ya shemeji yangu, mume wa dada yangu wa tumbo moja. Faini ilikuwa shilingi 50,000 na jina kusomwa mkutanoni. Dada alikuja kwangu usiku akalia, akaniambia watoto watakula nini. Nilimpa debe la mahindi langu mwenyewe, na asubuhi nikalisoma jina. Kwa miezi minne hakukanyaga kwangu. Alirudi Krismasi. Kama ningelificha jina lile, ng'ambo wangejua kabla ya jua kuzama, sauti ya pampu haina mpaka, na zamu ingekufa palepale.

Msimu ule tulivuna. Mavuno hayakuwa makubwa, maana eneo lilipungua, lakini vitunguu vilifikia soko la Kasulu vikiwa vimejaa, na hakuna pampu iliyovuta tope hata siku moja.

Kinachoniondolea usingizi sasa ni pampu za sola. Mwaka 2025 zilikuja tatu upande wetu na mbili ng'ambo. Ni nzuri, hazina moshi wala petroli ya kumwagika mtoni. Ila petroli ilikuwa inatulazimisha kuzima, pesa ikiisha unazima. Sola haikuambii uzime. Inavuta tangu jua linachomoza, na jua ni kali zaidi pale pale mto unapokuwa mdogo zaidi. Tumeshaomba kikao kingine kabla ya Juni. Nimeandaa nakala sita za daftari, na mzee ameniletea salamu kupitia mpwa wake kwamba nao wamekita ubao wao, wa chuma, na wameanza kuandika.